Unataka Kuwa Mshauri wa Fedha Nairobi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, yanapotoka, na kila kampuni inapopunguza wafanyakazi, napokea ujumbe uleule: "Nataka kuwa mshauri wa fedha, nianzie wapi?" Nimeujibu kwenye foleni ya matatu, nimeujibu kanisani, nimeujibu hata matangani huku nikishika sahani ya pilau. Sasa nimeyaweka majibu yote mahali pamoja. Mimi nilianza kwa kuuza bima mlango kwa mlango, nikawa nasoma jioni, na leo nashauri familia na vyama vya kuchangishana. Kwa hiyo usishangae nikielemea upande wa mtaani.

Mbona tangazo linasema "mshauri wa fedha", halafu nikifika kwenye mahojiano naambiwa niuze bima?

Kwa sababu jina hilo kila mtu hulivaa. Kampuni nyingi za bima huwaita mawakala wao washauri wa fedha. Afisa wa benki anayekutafutia mkopo pia hujiita hivyo, na siku hizi hata kijana mwenye simu na taa ya kurekodia video. Sheria haiangalii jina, inaangalia kazi unayofanya. Ukiuza bima, uko chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, yaani IRA. Ukimshauri mtu kwa malipo kuhusu hisa, hatifungani (yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba) au mifuko ya uwekezaji, uko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Mifuko ya pensheni inasimamiwa na RBA, na sacco, yaani vyama vya akiba na mikopo, zinazopokea amana zinasimamiwa na SASRA. Ofisi zote nne ziko Upper Hill. Asubuhi moja inatosha kuzizunguka kwa miguu, na ningemshauri anayeanza afanye hivyo mara moja ajionee mwenyewe.

Kazi ya wakala wa bima si aibu. Ndiyo mlango ambao wengi wetu tuliingilia. Ila kwenye mahojiano uliza mambo matatu bila kumung'unya maneno: nitalipwa na nani, nitalipwa kwa kufanya nini, na nikimwambia mteja asinunue chochote mwezi huu, mimi nitakula nini? Jibu la swali la tatu litakuonyesha kama unaajiriwa kushauri au kuuza.

Ni tabia gani inayohitajika kuliko zote?

Watu hutarajia niseme uaminifu, au ucheshi, au kujua watu. Hayo yote yanafaa. Mimi naweka mbele uwezo wa kumwambia mteja "bado" hali mfuko wako mwenyewe unalia.

Nieleze nilivyojifunza. Mwaka wangu wa pili nikiwa wakala, nilimwuzia dereva mmoja wa matatu bima ya elimu ya miaka 12, shilingi 5,000 kila mwezi. Mzee huyo alikuwa na watoto watatu na alimpenda sana kitinda mimba wake, basi nilipotaja shule ya upili na chuo, akatia sahihi haraka. Mimi nikapata kamisheni yangu na kununua viatu. Alilipa miezi 13. Kisha gari likaingia gereji, mwenye gari akampa mtu mwingine gari jingine, na malipo yakakatika. Bima ikafa. Alikuwa ametoa shilingi 65,000, na hakurudishiwa hata moja, kwa kuwa bima za aina hii kwa kawaida hazina cha kurudisha kabla ya kutimiza miaka mitatu. Gharama za kuianzisha, kamisheni ya wakala ikiwemo, huondolewa mwanzoni.

Alinipigia simu jioni moja. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Kijana wangu, sasa hiyo pesa imeenda wapi?"

Bima yenyewe haikuwa na kasoro. Karatasi zote zilikuwa sawa, na msimamizi wangu alinipongeza siku niliyoileta. Kosa lilikuwa kumfunga mtu anayelipwa kila jioni kwa ahadi ya kila mwezi ya miaka 12, kabla hajawa na akiba ya kumvusha miezi miwili gari likiharibika. Maswali mawili tu yangetosha: unalipwa vipi, na usipofanya kazi mwezi mzima, nyumbani mtakula nini? Sikuyauliza, kwa sababu moyoni nilijua majibu yangeniharibia mauzo.

Ukijijua kuwa mtu wa kuuliza swali hata pale jibu lake litakapokunyima pesa, mengine yote yanafundishika.

Hesabu ilinishinda shuleni. Nitaweza?

Inategemea ilikushinda au ilikuchosha. Hakuna atakayekuuliza mambo ya trigonometria. Utahitaji asilimia, riba, na subira ya kufuata tarakimu hadi mwisho wa safu. Jipime kwa mfano huu.

Mteja anakopa shilingi 120,000 kwa mwaka mmoja. Sehemu mbili zote zinamtajia riba ya asilimia 12. Ya kwanza inapiga riba kwenye mkopo wote mwanzo hadi mwisho: shilingi 14,400. Ya pili inapiga asilimia 1 kila mwezi kwenye salio linalobaki, na mteja anapunguza deni kwa shilingi 10,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni 1,200, wa pili 1,100, wa tatu 1,000, hivyo hivyo hadi mwezi wa mwisho ni 100. Jumla ni shilingi 7,800. Asilimia ni ileile, ila mmoja analipa karibu mara mbili ya mwenzake.

Ukiweza kukaa na kalamu ukayapata hayo mwenyewe, na kisha ukamweleza mama mwenye kibanda cha nguo Gikomba bila kumtisha, hesabu yako inatosha. Ukipata moja bila la pili, bado una kazi. Nimefanya kazi na wachambuzi wakali wa tarakimu ambao mteja akitoka ofisini mwao hajui hata alichoambiwa.

Zoea pia kukokotoa kichwani. Mfuko wa soko la fedha, ule watu wanaouita MMF, unaokusanya pesa za wengi na kuziweka panapolipa riba kwa muda mfupi, ukitangaza asilimia 10 kwa mwaka, mteja haendi nyumbani na 10. Serikali inakata kodi ya asilimia 15 kwenye riba, kwa hiyo laki moja inabaki na faida ya shilingi 8,500 kwa mwaka. Kuna kanuni ya haraka: gawanya 72 kwa asilimia anayobaki nayo kwa mwaka, hapa 8.5, utaona pesa hiyo itachukua takriban miaka minane na nusu kuongezeka maradufu. Bei za unga na nauli nazo hazitakaa zikisubiri.

Lazima niwe na digrii?

Kwa kuanza kama wakala wa bima, hapana. Kwa kupanda kwenye kampuni zinazosimamia uwekezaji, digrii inafungua milango ambayo bila hiyo utabisha sana. Si lazima iwe ya fedha. Uchumi, takwimu, sayansi ya bima, biashara, hata sheria, zote zinakubalika. Chuo Kikuu cha Nairobi na Strathmore vinafundisha haya, na KCA kule Ruaraka kina historia ndefu na wanafunzi wa uhasibu. Nisiwapotezee muda hapa: digrii ni msingi, lakini hakuna aliyetoka darasani akajua kumshauri mtu.

Nisome CIFA, CPA au CFA? Nachanganyikiwa na herufi.

Tuanze na za nyumbani. Kasneb, bodi ya mitihani iliyoanzishwa mwaka 1969, ndiyo inayotahini CPA na CIFA. CPA ni ya uhasibu. Inakufundisha vitabu, kodi na ukaguzi, na ni cheti kinachoheshimika kila mahali. CIFA ni ya wachambuzi wa uwekezaji na fedha. Zamani iliitwa CSIA, ukikutana na mzee mwenye cheti cha jina hilo usimdharau. Ndani yake kuna kuthamini hisa, hatifungani, usimamizi wa mifuko na maadili ya kazi. Mwaka 2015 ilipitishwa sheria ya wachambuzi wa uwekezaji na fedha, iliyounda chama chao cha kitaaluma, ICIFA. Kama lengo lako ni ushauri wa uwekezaji hapa Kenya, CIFA ndiyo inayolenga shabaha moja kwa moja. Mwenye C+ ya KCSE anaweza kuingia, na aliyepungukiwa anaweza kupitia diploma kwanza.

CFA ni ya kimataifa. Ina ngazi tatu, na wenyewe wanakadiria saa 300 hivi za kusoma kwa kila ngazi. Kufaulu mitihani peke yake hakukupi jina: unahitaji pia saa 4,000 za kazi inayohusiana na uwekezaji, katika muda usiopungua miezi 36. Ada hulipwa kwa dola, na shilingi ikiyumba, ada yako inayumba nayo. Inafaa kwa anayetaka kusimamia mifuko mikubwa au kufanya kazi nje ya nchi. Kwa anayetaka kushauri walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa Nairobi, mimi naona ni kununua lori la kubebea sufuria. Wapo wenzangu watakaonipinga, na sitagombana nao.

Ukiwa unafanya kazi mchana, hesabu uchovu pia. Nilisoma CIFA jioni katikati ya mji, nikitoka darasani saa mbili usiku na kukuta nauli imepanda kwa sababu ya mvua. Mtihani mmoja niliurudia. Jirani yangu darasani aliuandika mara tatu, na leo ananizidi mshahara.

Cheti cha COP ndicho nini?

Ni cheti cha umahiri kinachohitajika kabla hujasajiliwa kuwa wakala wa bima. Chuo cha Bima kilichoko South C ndicho kinachojulikana kwa mafunzo na mtihani wake. Ukishafaulu, unasajiliwa na IRA, na usajili unahuishwa kila mwaka. Wakala aliyesahau kuhuisha Januari akaendelea kuuza hana tofauti na asiye na cheti kabisa.

COP inakupa misingi: mkataba wa bima ni nini, kwa nini mteja lazima aseme kweli kuhusu afya yake, madai yanashughulikiwaje. Mafunzo ya siku chache ambayo kampuni hukupa baada ya hapo mara nyingi ni ya kuuza tu. Usiyachanganye.

Na yale ambayo hayafundishwi popote?

Hapa ndipo penye kazi. Mtaala utakufundisha hisa na hatifungani. Mteja wako wa kwanza atakuja na chama, deni la mkopo wa simu, ploti, na mjomba anayeomba mchango wa hospitali.

Chama lazima ukijue kutoka ndani. Kaa kwenye kikao cha akina mama wanaochangishana kila Jumapili, uone jinsi zamu zinavyopangwa, nani anashika daftari, na faini ya kuchelewa inaamuliwaje. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na vyama vingi nilivyoona vikivunjika vilivunjikia hapo, si kwenye uwekezaji mbaya. Sacco vilevile: elewa kwa nini mtu anaweka akiba asiyoweza kuigusa, kwa sababu tu inamruhusu kukopa mara tatu yake. Kwenye karatasi utaiona kama pesa iliyolala. Kwa mwalimu anayejenga, ndiyo ngazi pekee aliyo nayo.

Ploti ni somo zima peke yake. Mkenya ataacha hatifungani ya serikali anunue robo eka Kitengela ambayo hajaikanyaga. Usimcheke. Mjulishe jinsi ya kufanya upekuzi wa hati, ambao kwa ardhi ya Nairobi hufanyika kwenye mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021. Mwulize barabara inapita wapi na maji yatatoka wapi, umwonyeshe pia kwamba ploti haiuziki wiki moja kabla shule hazijafunguliwa.

Ujue kodi na viwango vinavyogusa maisha ya kawaida, na uvifuatilie maana hubadilika. Tangu mwisho wa 2024, mchango wa pensheni hadi shilingi 30,000 kwa mwezi huondolewa kwenye kipato kabla ya kukatwa kodi. Awali ilikuwa 20,000. Benki ikifungwa, bima ya amana inamlinda mteja hadi shilingi 500,000. Mfuko wa fidia wa wawekezaji, dalali wa hisa akianguka, una kikomo cha shilingi 50,000. Hiyo tofauti kati ya laki tano na elfu hamsini mteja hataiuliza. Ni juu yako kumwambia.

Na jua historia ya makovu. Mkenya wa umri wangu anakumbuka mipango ya ulaghai ya piramidi ya 2006 na 2007 iliyomeza akiba za watu wengi, makanisani na maofisini. Anakumbuka hisa za Safaricom za 2008, zilizouzwa kwa shilingi 5, watu wakakopa kuzinunua, wakapewa chache kuliko walizoomba, kisha bei ikashuka chini ya hapo kwa muda mrefu. Aliyeshikilia hatimaye alifurahi. Aliyekopa hakuweza kushikilia. Mteja akikukunjia uso ukitaja soko la hisa, ujue hapo ndipo anatoka.

Mimi ni mpole, sina mdomo wa kuuza. Niache?

Usiache. Wenye mdomo huuza sana mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu wanabadilisha laini ya simu. Mpole husikiliza. Tatizo la wapole ni moja: wanaona haya kufuatilia. Mteja akisema "nitakupigia", wanangoja hadi Krismasi. Jifunze kupiga simu ya pili bila kuhisi unaomba.

Nitatumia lugha gani?

Mikataba ni ya Kiingereza, maswali ni ya Kiswahili, na wasiwasi huja kwa lugha ya mama. Tengeneza orodha yako ya maneno magumu na uyaseme kama watu wanavyosema. Kiasi anachorudishiwa mtu akijitoa mapema kwenye bima, mimi nakiita "pesa ya kujitoa", na nakitaja siku ya kwanza kabla ya kalamu kutoka mfukoni. Na mtu mzima usimtupie Sheng kwa kujipendekeza. Mwite Mama Njoroge, mwite Mwalimu, mwite Mzee, umngoje amalize kusema.

Mshahara ukoje?

Wakala wa bima huishi kwa kamisheni, ambayo kwenye bima za maisha huwa kubwa mwaka wa kwanza na kupungua baadaye. Baadhi ya kampuni hutoa posho ya miezi michache ya mwanzo, yenye masharti ya mauzo. Aliyeajiriwa na kampuni ya uwekezaji hupata mshahara na marupurupu ya malengo. Washauri wanaotoza ada moja kwa moja kutoka kwa mteja ni wachache, kwa kuwa watu wetu hulipia fundi na daktari lakini ushauri wanauona ni maneno tu.

Usiingie bila akiba ya kodi ya nyumba ya miezi sita. Hili nalisema kwa ukali. Mshauri mwenye njaa atamwuzia mtu chochote, na mimi nimeshakueleza ya dereva.

Naweza kutoa ushauri TikTok bila leseni?

Kueleza hatifungani ni nini, au jinsi ya kupanga bajeti, ni elimu. Kumwambia mtu "nunua hii, kisha unilipe" ni biashara, na kwa hisa na mifuko ya uwekezaji biashara hiyo inataka leseni ya CMA. Ukilipwa na kampuni kuitangaza bidhaa, sema umelipwa.

Mteja akiniomba nimshikie pesa zake?

Kataa. Hata awe shangazi. Pesa huingia kwenye akaunti au paybill (namba ya malipo ya M-Pesa) ya kampuni yenye leseni, kwa jina la mteja, na yeye ndiye anayepokea ujumbe wa uthibitisho. Siku utakapopokea shilingi elfu moja kwenye simu yako "kwa muda tu", umeacha kuwa mshauri.

Na siri zake?

Utajua mshahara wa mume ambao mke haujui. Utajua mtoto aliye nje ya ndoa kwa sababu jina lake limeandikwa kwenye fomu ya warithi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana kuhusu taarifa hizo, lakini Nairobi ni ndogo kuliko inavyoonekana, na mdomo ukikuponyoka kwenye kinyozi utafika Kayole kabla yako. Fomu za wateja usizipige picha kwa simu yako binafsi. Kama unapenda udaku, tafuta kazi nyingine.

Nina miaka 43. Nimechelewa?

Hapana. Mteja wa miaka 50 humwamini haraka zaidi aliyewahi kulipa karo.

Nianze na nini wiki hii, kabla sijalipa ada popote?

Andika kila shilingi inayoingia na kutoka kwako kwa siku 30, pamoja na ada za kutuma pesa na za Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Omba mkataba wa bima wa ndugu yako, usome wote hadi maandishi madogo ya mwisho, kisha umweleze kwa dakika kumi alichonunua. Mwulize kama alikuwa anakijua. Halafu ingia kwenye tovuti ya CMA, au ya IRA kama ni kampuni ya bima, utafute orodha ya kampuni zenye leseni, na uangalie kama ile iliyokuita kwa mahojiano imo.

Ukikuta haimo, usiende.